"Kwani utakula gitaa?" Hesabu ya ukweli kuhusu digrii ya sanaa

Matokeo ya KCSE yakishatoka, kuna mazungumzo yanayorudiwa katika nyumba nyingi kuanzia Kayole hadi Kisauni. Kijana ana C+ au B. Amefungua tovuti ya KUCCPS kwa simu na kidole kimetua kwenye kozi ya muziki, uchoraji au sanaa za jukwaani. Anajikaza, anasema: "Baba, mimi nataka kusomea muziki."

Kimya.

"Muziki? Kwani utakula gitaa?"

Mama anajaribu kupoza mambo: "Si ufanye kozi ya biashara kwanza, halafu huo muziki uwe wa jioni?" Binamu aliyemaliza kozi ya kompyuta miaka miwili iliyopita anacheka peke yake pembeni. Yeye alichukua kozi ya "maana" na bado anaomba nauli ya kwenda mahojiano.

Swali la mzee tusilikimbie. Halitokani na chuki dhidi ya gitaa. Amelipa karo miaka mingi, ameona vijana wenye digrii wakiuza mitumba na wengine wakiendesha boda, na anataka kujua kama pesa za miaka minne zitarudi. Ni swali la hesabu. Ukimjibu kwa maneno matamu ya "nafuata ndoto yangu", hujamjibu.

Basi tupige hesabu.

Mkondo mpya, wasiwasi ule ule

Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Sekondari pevu ina mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya huo wa tatu mna Muziki na Densi, Sanaa za Uchoraji na Uchongaji, Tamthilia na Filamu, pamoja na Michezo. Wizara ya Elimu ilipanga asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii, na asilimia 15 mkondo wa sanaa na michezo.

Asilimia 15 inaonekana kidogo, lakini linganisha na tulikotoka. Katika miaka ya kwanza ya 8-4-4, sanaa, kazi za mikono na muziki vilitahiniwa kwenye KCPE. Mapema miaka ya 2000 masomo yalipopunguzwa, mtihani huo ukaondolewa. Na hii Kenya unaijua: kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi cha muziki kwenye ratiba kikageuka kuwa cha marudio ya hesabu. Watoto wengi wakafika kidato cha kwanza bila kushika brashi darasani, wakaingia shule ambazo hazikuwa na mwalimu wa Muziki wala wa Sanaa na Usanifu.

Ndiyo maana wengi walioingia chuo kikuu kusomea sanaa walitoka shule chache zilizobahatika, au walijifunza kwaya kanisani, au waliokolewa na tamasha za shule. Kenya Music Festival imekuwepo tangu 1927, na kwa wanafunzi wengi tamasha hizo ndizo zilizokuwa darasa pekee la sanaa walilowahi kupata.

Hapa kuna hesabu ya kwanza ambayo wazazi wengi hawajaipiga. Serikali ikifungua mkondo wa sanaa nchi nzima, itahitaji watu wa kuufundisha. Mwalimu wa Fizikia hawezi kubandikwa kwenye Muziki na Densi hivi hivi tu. Mtu mwenye ujuzi wa kweli wa ala, nota, jukwaa au tanuri ya vyungu ana nafasi leo ambayo dada yake mkubwa hakuwa nayo.

Lakini soma maandishi madogo. Ukitaka kufundisha shule za umma, lazima usajiliwe na TSC, na usajili huo unataka mafunzo ya ualimu. Digrii ya sanaa tupu haikuingizi darasani. Ama uchukue shahada ya elimu yenye muziki au sanaa kama somo la kufundishia, ama uongeze stashahada ya uzamili ya elimu baada ya kuhitimu. Majina ya kozi hizi yanafanana sana kwenye tovuti, na makosa ya siku moja ya kubofya yanaweza kukugharimu mwaka mzima na pesa juu.

Fundi na mwanagenzi

Kabla ya chuo kikuu, sanaa ilikuwa na shule zake. Nenda Wamunyu kule Machakos, ambako uchongaji wa vinyago umelisha familia tangu miaka iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia. Nenda Tabaka, Kisii, kwa wachongaji wa mawe laini. Nenda Lamu kwa mafundi wa milango. Huko kijana hakupewa cheti. Alikaa karibu na fundi, akafagia vumbi la mbao, akaangalia mkono wa mwenzake, akaharibu vipande vingi kabla ya kuaminiwa na kazi ya mteja.

Fundi mzuri alimpa mwanagenzi wake vitu vitatu. Cha kwanza, ustadi wa mkono. Cha pili, kukosolewa na mtu anayejua, tena bila kubembelezwa. Cha tatu, wateja: siku ya kuondoka, mwanagenzi alijua nani ananunua, kwa bei gani, na jina la fundi wake lilimfungulia milango.

Kwa maoni yangu, digrii yoyote ya sanaa ipimwe kwa vitu hivyo hivyo vitatu. Ikikupa vyote, mzee alipe karo bila kununa. Ikikupa kimoja tu, kaa chini ufikirie tena.

Tuanze na ustadi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uchoraji na usanifu, muziki na densi, pamoja na sanaa za jukwaani na filamu. Maseno ina sanaa, muziki na tamthilia. Technical University of Kenya inafundisha muziki na sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina digrii ya usanifu. Ukiingia huko hutaimba tu au kuchora unachojisikia. Mwanamuziki anasoma nadharia, anafunzwa sikio, anapiga ala, anachunguza muziki wa jamii mbalimbali. Mchoraji anapita kwenye uchongaji, ufinyanzi, uchapaji na historia ya sanaa. Wa jukwaani anajifunza kuigiza, kuelekeza, kuandika mchezo, kupanga taa na kusimamia uzalishaji.

Kuna mambo ambayo YouTube haiwezi kukupa. Tanuri ya kuchomea vyungu huwezi kuipakua kwa simu. Huwezi kujifunza kuelekeza waigizaji kumi na wawili ukiwa peke yako chumbani Zimmerman. Hapo chuo kina faida, ilimradi vifaa viwepo na vifanye kazi. Piano ikiwa moja na wanafunzi ni hamsini, ustadi unabaki kwenye daftari.

Pia muda wenyewe hukatika. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49. Mwanafunzi wa historia angeweza kusoma vitabu vyake nyumbani. Wa uchongaji aliyefungiwa karakana angefanya nini?

Kitu cha pili ni kukosolewa, na hapa watu wengi hudharau thamani ya chuo. Mtaani ukiimba, mbogi yako inakwambia umeua. Ukipandisha video, unahesabu mioyo. Hakuna anayekwambia kwamba sauti yako inashuka kila ukifika mwisho wa mstari, au kwamba mchoro wako wa tano ni ule wa kwanza uliobadilishwa rangi. Darasa zuri linakutundikia kazi ukutani mbele ya watu ishirini na kukuuliza kwa nini. Inauma, lakini inajenga. Walioketi darasani kwa marehemu Francis Imbuga au David Mulwa pale Kenyatta hawakuwa wakisikia habari za tamthilia kutoka kwa mtu aliyezisoma tu. Walikuwa mbele ya watunzi wenyewe. Mwalimu anayefanya kazi anayoifundisha ni sababu tosha ya kuchagua chuo fulani na kuacha kingine.

Kitu cha tatu, wateja, ndicho kinachotia shaka zaidi. Mambo mengi ya sanaa Nairobi yamekulia nje ya lango la chuo: Kuona ilianza 1995, GoDown ikafunguliwa 2003, na Nairobi Contemporary Art Institute ikaanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020. Kuna Kenya National Theatre, kuna studio za mitaani, kuna nyumba za utayarishaji wa filamu na matangazo. Mwanafunzi anayemaliza miaka minne bila kujulikana kwenye sehemu hizi amepata cheti lakini hajapata soko. Na soko halitamtafuta bwenini.

"Lakini si fulani hakusoma?"

Hoja hii haikosi. Na ina ukweli. Cyrus Kabiru alikulia karibu na Korogocho, hakupitia chuo cha sanaa, na miwani yake iliyotengenezwa kwa vyuma na takataka zilizotupwa imeonyeshwa nchi nyingi. Angalia pia nganya za Rongai na Umoja. Wasee wanaozipaka rangi, wanaochora nyuso za wasanii na wachezaji ubavuni mwa basi, wengi walijifunza gereji wakiwa wameshikilia mkebe wa rangi wa mtu mwingine. Huo ni uanagenzi ule ule wa Wamunyu, umehamia Nairobi.

Upande wa pili utatajiwa Lupita Nyong'o, aliyeshinda Oscar 2014 baada ya kusomea Hampshire College na shule ya drama ya Yale. Wangechi Mutu alisomea Cooper Union na Yale, na 2019 sanamu zake zikawekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Eric Wainaina alipitia Berklee, Boston. Kwa hivyo digrii inalipa, si ndiyo?

Polepole. Hao watatu walisomea Marekani, kwenye vyuo ambavyo hicho kitu cha tatu, yaani wateja na majina, kinakaa mlango wa pili. Kuwatumia kumshawishi mzee kuhusu digrii ya hapa ni kulinganisha nanasi na embe. Na kumtumia Kabiru kuthibitisha kwamba shule haina maana ni kosa hilo hilo kwa upande mwingine. Tunahesabu walioruka ukuta. Hatuhesabu waliobaki chini yake, waliosoma na wasiosoma.

Mfano wa karibu zaidi ni Elimo Njau. Alizaliwa Tanzania, akasomea sanaa Makerere, ile shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akaja Kenya na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Elimu yake haikumtafutia ajira ofisini. Ilimpa uwezo wa kuanzisha mahali ambapo wengine walipata pa kufanyia kazi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura ya kweli ya digrii ya sanaa katika Afrika Mashariki: haikuahidi mshahara, inakupa zana za kujenga.

Chapaa

Sasa tuje kwa pesa, maana huko ndiko mzee alikuwa anatupeleka tangu mwanzo.

Tangu 2023 ufadhili wa vyuo vikuu umegawanywa: sehemu ni msaada wa serikali, sehemu ni mkopo, na sehemu inalipwa na familia kulingana na daraja uliyowekwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, na kesi ikasonga hadi Mahakama ya Rufaa. Wakati mawakili wanavutana, mwanafunzi bado anatakiwa kulipa sehemu yake. Na mkopo ni mkopo. HELB haitakuuliza kama ulisomea uhandisi au densi.

Juu ya karo, sanaa ina gharama ambazo barua ya kujiunga huenda isizitaje vizuri: rangi na turubai, nyuzi za gitaa, mavazi ya mchezo, kamera, nauli ya kwenda mazoezi usiku. Ziandike kabla hujaanza, si ukiwa mwaka wa pili umeshakwama.

Kuhusu mapato, msanii wa Kenya anaishi kwa vipande. Harusi Jumamosi, tangazo la redio Jumanne, kufundisha watoto piano Alhamisi, mchoro mmoja kuuzwa baada ya miezi mitatu. Mshahara wa tarehe 30 wengi hawaujui. Hilo si aibu, lakini linahitaji nidhamu ambayo kipaji pekee hakileti.

Pia linahitaji kujua sheria. Mwaka 2022 sheria ya hakimiliki ilirekebishwa ili msanii apate angalau asilimia 52 ya mapato ya milio ya simu, ile ya Skiza. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya maudhui ya mtandaoni. Kuna mashirika ya kukusanya mirabaha kama MCSK, PRISK na KAMP, na mvutano kuhusu leseni zao umefika hadi mahakamani. Msanii asiyejua haya atasaini karatasi yoyote anayowekewa mbele. Kwa hivyo kabla ya kuchagua kozi, uliza kama inafundisha hakimiliki, mikataba na uhasibu. Kozi isiyogusa mambo hayo inamwandaa mtu mwenye mkono mzuri na mfuko uliotoboka.

Jukwaa lina bei nyingine

Kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye fomu ya karo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliusimamisha. Mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, na kazi yake ya kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi ikaisha hivyo.

Ukidhani hayo ni ya zamani, kumbuka Butere Girls. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu iliporuhusu uchezwe. Aprili 2025, Nakuru, walikuwa wamefika na Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mahakama ilikuwa tayari imeagiza waruhusiwe. Malala akakamatwa, vitoa machozi vikarushwa, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.

Serikali hiyo hiyo ina wizara yenye maneno "Uchumi wa Ubunifu" kwenye jina lake. Yaani ubunifu unatakiwa, mradi ulete pesa na usiseme kitu. Anayeingia kozi ya tamthilia ajue anaingia kwenye mvutano huo. Lakini atazame pia upande wa pili: hakuna anayetuma polisi kuzuia kitu kisicho na nguvu. Wanaosema sanaa ni mchezo wa watoto wangewauliza wale waliorusha gesi pale Nakuru kama nao walidhani ni mchezo.

Kabla ya kubofya

Kama bado uko na kidole juu ya ile kozi, jiulize haya.

Je, unataka kufundisha, kutenda, au kusimamia kazi za wengine? Kila jibu lina kozi yake.

Je, umewahi kufika kwenye idara yenyewe? Panda matatu uende. Hesabu piano zinazofanya kazi. Ingia karakana. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nne, si yule wa kwanza, ameonyesha kazi yake wapi.

Je, wahadhiri wanafanya sanaa hadi leo, au waliacha zamani?

Je, ni lazima iwe digrii? Kama hukupata C+, hujafungiwa njia. Kenya Conservatoire of Music imefundisha muziki Nairobi tangu 1944. Ng'ambo ya mpaka kuna chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kilichoanza 1981, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa 2002, ambako utapata udi na qanuni kutoka kwa watu waliozaliwa ndani ya taarab. Mwenye stashahada na ustadi hushinda mwenye digrii na visingizio.

Na la mwisho: je, ungeendelea kufanya hii kazi kama hakuna anayekupigia makofi kwa miaka mitatu? Kama jibu ni hapana, basi mama ana hoja. Ufanye iwe ya jioni, na hakuna ubaya. Kuna wasanii wazuri sana wa jioni.

Kama jibu ni ndiyo, usirudi kwa mzee na ndoto. Rudi na karatasi. Andika jina la kozi, karo kwa mwaka, sehemu yenu ya kulipa, gharama za vifaa, unapopanga kufanyia mazoezi, watu watatu wanaofanya kazi hiyo na jinsi wanavyopata riziki, na mpango wako wa pili. Mweleze kuhusu TSC na mkondo wa sekondari pevu. Mwambie ni lini unatarajia kuanza kujilipia kodi ya nyumba.

Huenda bado akakataa. Lakini mzee aliyezoea kununua ng'ombe au stoku ya duka anajua tofauti ya kijana anayeomba na kijana aliyepiga hesabu. Na ukimwonyesha hesabu, huenda akaacha kuuliza kama utakula gitaa, akaanza kuuliza gitaa lenyewe ni pesa ngapi.